Tathmini ya vifaa vya kuziba mianya na kuhami nyumba: kipi kinastahili fedha yako

Madukani kunauzwa vifaa vingi vinavyoahidi kupunguza nishati inayopotea nyumbani, na karibu vyote hubeba ahadi zilezile kwenye maboksi yake: vinazuia joto, vinaokoa umeme, havihitaji fundi. Nimevitumia vingi kati ya hivyo katika nyumba ninayoishi, na nimeona kwamba tofauti iliyopo baina yake ni kubwa kuliko maandishi hayo yanavyodokeza. Vipo vya gharama ndogo vinavyofanya kazi kubwa kwa miaka mingi, vipo vinavyofaa mahali pamoja na kudhuru vikiwekwa pengine, na kipo kimoja ambacho kwa maoni yangu hakipaswi kununuliwa kabisa kwa kazi kinayotangaziwa. Sitataja majina ya watengenezaji, kwa sababu matokeo ya kazi hii hutegemea aina ya kifaa, mahali kinapowekwa na uangalifu wa mkono unaokiweka, kuliko jina lililopigwa chapa kwenye boksi.

Kigezo changu ni kimoja: kila kifaa nakiuliza kinazuia njia ipi ya joto. Joto hupita nyumbani kwa njia tatu. Hupenya ndani ya vitu vyenyewe, kama ukuta, kioo na bati. Husafirishwa na hewa inayoingia na kutoka. Na hurushwa kama mionzi kutoka kitu chenye moto zaidi kwenda kwenye kitu chenye ubaridi, hata pasipo kugusana. Nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi hupoteza joto kwa njia hizo, na nyumba inayopozwa kwa kiyoyozi huvamiwa na joto kwa njia hizohizo, kwa hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii inazihusu zote mbili. Sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo zinazotandazwa kama kihami, huzuia njia ya kwanza, raba ya mlango huzuia ya pili, na foili ya alumini huzuia ya tatu. Mtu akinunua kimoja akitarajia kazi ya kingine atakiita kibovu, ilhali hakikupewa nafasi ya kufanya kazi yake.

Njia ya hewa ndiyo inayodharauliwa zaidi, nayo ndiyo rahisi zaidi kuidhibiti. Pengo la milimita 3 chini ya mlango wenye upana wa sentimita 90 lina eneo la sentimita za mraba 27, sawa na tundu la mraba ambalo kila upande wake unazidi kidogo sentimita 5. Hakuna ambaye angekubali tundu kama hilo litobolewe katikati ya ukuta wa sebule na kuachwa wazi mwaka mzima, lakini eneo hilohilo likinyoshwa chini ya mlango huonekana si kitu. Tena hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi, hivyo katika nyumba iliyopashwa moto hupanda na kutoka kupitia mianya ya darini, huku hewa baridi ikivutwa ndani kupitia mianya ya chini. Katika nyumba iliyopozwa mwelekeo hugeuka, hewa iliyopozwa ikatorokea chini na hewa ya moto ikashuka kutoka juu. Ndiyo sababu mianya iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa huvuja kuliko ile ya katikati, na ndiyo sababu mtu huhisi upepo miguuni hata siku ambayo nje kumetulia.

Kabla ya kununua chochote, mianya yenyewe itafutwe. Wataalamu hufunga feni kubwa mlangoni, wakashusha kanieneo ya hewa ndani kwa paskali 50, kisha wakapima hewa yote ya nyumba inabadilishwa mara ngapi kwa saa. Kiwango cha Passivhaus, yaani cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, ambacho nyumba zake za kwanza zilijengwa Darmstadt, Ujerumani, mnamo 1990 na 1991, huruhusu mara 0.6 tu, na si ajabu nyumba ya zamani isiyozibwa kufikia mara kumi au zaidi. Nyumbani hatuhitaji namba hizo ili kuanza kazi. Funga milango na madirisha yote, zima kila chenye moto wa wazi, washa feni ya jikoni au ya bafuni inayotoa hewa nje, kisha pitisha udi unaofuka polepole kandokando ya fremu, kwenye soketi za umeme, kwenye mfuniko wa kupandia darini na pale mabomba yanapopenya ukuta. Moshi unaopanda wima hauna habari. Moshi unaopinda au kutawanyika ghafla umekuonyesha mwanya. Udi ukae mbali na mapazia. Kiganja kilicholowa hufanya kazi karibu sawa, na usiku tochi inayomulikwa kutoka ndani huonyesha mapengo ya mlango kwa mtu aliyesimama nje.

Kifaa ambacho wengi hununua kwanza ni tepu ya sponji inayojigundisha. Ni laini, hukatwa kwa mkasi, hubandikwa kwa dakika chache, na siku hiyo ya kwanza huziba vizuri. Udhaifu wake hujitokeza baadaye. Sponji yenye vinyweleo wazi hunywa maji na kushika vumbi, na ikishakandamizwa na mlango siku nenda siku rudi hubaki bapa bila kurudia unene wake, pengo likafunguka tena. Gundi nayo huachia pale fremu inapopata unyevu au jua. Kwenye mlango unaotumika sana, mwaka mmoja au miwili ndio umri wake wa kawaida. Inafaa kwenye dirisha lisilofunguliwa mara kwa mara, au kwa mpangaji ajuaye kwamba atahama karibuni. Kwa mlango wa mbele siipendekezi.

Raba ya EPDM ni kifaa cha daraja jingine. Hii ni raba bandia ya jamii ileile inayozungushwa kwenye milango ya magari. Hustahimili jua, baridi na ozoni, na kwa kuwa umbo lake lina uwazi ndani, hukandamizwa na kurudi maelfu kwa maelfu ya mara bila kuchoka. Huuzwa kwa maumbo yanayofanana na herufi: E kwa mapengo membamba, P kwa ya wastani, na D kwa mapana. Miaka kumi si umri wa kushangaza kwa raba iliyobandikwa ipasavyo, na tofauti ya bei kati yake na sponji ni ndogo mno ukiigawanya kwa miaka hiyo. Kama ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu kati ya vyote vilivyomo humu, ningechagua hiki.

Ubora wake, hata hivyo, unategemea upimaji. Chukua donge la unga uliokandwa, lifunge kwa plastiki nyembamba, liweke kati ya mlango na fremu, kisha ufunge mlango na kuufungua. Unene uliobaki ndio upana wa pengo, nao upimwe mahali kadhaa kwa sababu milango mingi imelegea upande wa bawaba na kubana upande wa kitasa, au kinyume chake. Raba nene kupita pengo huufanya mlango ugome kufungika na huzitesa bawaba, na raba nyembamba haigusi. Fremu isafishwe kwa spiriti na iachwe ikauke, la sivyo gundi itashika vumbi badala ya mbao. Jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalisisitizi vya kutosha ni kwamba raba isivutwe wakati wa kubandika: ikivutwa hunyooka, kisha kwa siku kadhaa hujikunyata kurudi urefu wake, ikaacha nafasi pembeni, na pembe ndizo zinazovuja kuliko sehemu nyingine yoyote. Kazi ikiisha, banisha kipande cha karatasi kwenye mlango uliofungwa na ukivute. Kikitoka bila upinzani, mahali hapo bado hapajaziba.

Chini ya mlango pana kanuni zake. Brashi yenye kishikio cha alumini hupita vizuri juu ya zulia na sakafu isiyo sawa, ingawa huruhusu hewa kidogo kupenya kati ya nywele zake. Ulimi wa raba huziba zaidi, lakini huhitaji sakafu laini na iliyonyooka, na ukikwaruza kila mara huchakaa mapema. Bora kuliko vyote viwili ni kizibo kinachojishusha chenyewe mlango unapofungwa na kujiinua unapofunguliwa, ila kukifunga kunataka msumeno, subira na mara nyingine kuung'oa mlango kwenye bawaba zake. Mto mrefu wa kitambaa unaolazwa mlangoni hufanya kazi kweli, kwa sharti kwamba yupo mtu ndani wa kuurudisha mahali pake kila mlango unapofunguliwa.

Kwa nyufa zisizosogea, yaani pale fremu inapokutana na ukuta au ubao wa chini unapokutana na sakafu, kinachofaa ni akriliki au silikoni ya kusukumwa kwa bunduki yake, na hizi mbili huchanganywa sana na wanunuzi. Akriliki huyeyuka kwa maji ikiwa bado mbichi, hupakwa rangi, hushika vizuri kwenye plasta na mbao, lakini husinyaa inapokauka na mara nyingi hudai mkono wa pili. Silikoni hunyumbulika, haiogopi maji, hudumu miaka mingi, lakini rangi haiishiki. Ndani ya nyumba, kwenye kuta zitakazopakwa rangi, chukua akriliki. Bafuni, nje na kuzunguka vioo, chukua silikoni. Ndani ya silikoni zenyewe ipo aina inayotoa harufu ya siki inapokauka, ambayo hutoa asidi inayoweza kula shaba na madini mengine na ambayo haishiki vizuri kwenye saruji, na ipo aina isiyo na asidi inayofaa kwa saruji, mawe na chuma. Maneno yanayozitenganisha huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya bomba, mahali ambapo mnunuzi mwenye haraka hafiki.

Silikoni hukauka kwa kupata unyevu wa hewa, kuanzia juu kwenda ndani, kwa kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa siku, kwa hiyo ufa mrefu wa kina usijazwe wote kwa silikoni. Kwanza sukuma ndani kamba ya povu la plastiki iliyo nene kidogo kuliko ufa, kisha paka silikoni juu yake. Kamba hiyo hupunguza silikoni inayotumika, na tena huifanya ishike kingo mbili tu badala ya kushika na nyuma, ili fremu inapotanuka na kunywea silikoni inyooke pamoja nayo bila kuchanika. Ni kamba ya bei ndogo sana, na ajabu ni kwamba maduka mengi yanayouza silikoni hayaiweki karibu nayo.

Nafika sasa kwenye povu la poliurethani la kopo, ambalo ninalisifu na kulionya kwa uzito uleule. Sifa zake ni za kweli. Hufika mahali ambapo mkono haufiki, huvimba na kujaza uwazi wa umbo lolote, hushika karibu kila kitu isipokuwa plastiki laini kama polithini, na likikauka huzuia hewa na joto kwa pamoja. Kwa mashimo yanayozunguka mabomba na kwa nafasi kati ya fremu ya dirisha na ukuta, sijaona kinacholikaribia. Hukauka kwa unyevu pia, kwa hiyo nyuso zilizonyunyiziwa maji kidogo kabla ya kazi hutoa povu lenye vitundu vidogo na imara zaidi. Jaza nusu ya uwazi au pungufu, kisha uliache livimbe lenyewe.

Makosa yanayofanywa na povu ni ya kudumu, na hapo ndipo onyo langu linapoanza. Aina inayovimba sana ikipigwa kuzunguka fremu ya dirisha inaweza kuipinda fremu hiyo mpaka dirisha likagoma kufunguka. Kwa milango na madirisha tafuta kopo lililoandikwa kwamba uvimbaji wake ni mdogo. Likiwa bichi husafishwa kwa asetoni, likishakauka hukatwa kwa kisu tu, na kwenye ngozi hubaki mpaka ngozi yenyewe ijivue, kwa hiyo glavu na miwani si mapambo. Lina isosayanati, kemikali zinazoweza kuamsha pumu na mzio kwa anayezivuta, na gesi inayolisukuma kutoka kwenye kopo huwaka kwa urahisi: madirisha yawe wazi wakati wa kazi na kusiwe na moto wowote karibu. Jua hulifanya liwe la njano na kumung'unyuka, hivyo lililo nje lifunikwe kwa plasta, rangi au silikoni. Povu lililokauka nalo huwaka, na kwa sababu hiyo halipaswi kugusa dohani wala bomba la moshi wa hita. Hapo kinatakiwa kipande cha bati na kizibo kilichotengenezwa mahususi kwa joto kali.

Kwa kuwa povu humtia mtu hamu ya kuziba kila anachokiona, niseme hapa jambo ambalo ningependa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila kopo. Matundu yaliyowekwa kwa makusudi ya kupitisha hewa, kama yale ya kuta za jikoni, ya bafuni, ya chini ya sakafu na ya kingo za paa, hayazibwi. Jiko au hita inayochoma gesi, kuni, mkaa au mafuta hutumia hewa ya ndani, na isipopata ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlewesha mtu na kumuua akiwa usingizini. Jiko la mkaa halitumiwi ndani ya chumba kilichozibwa, na yeyote mwenye kifaa kinachowaka ndani ya nyumba anunue king'ora cha kaboni monoksidi kabla ya kununua bomba la kwanza la silikoni. Mimi ninakihesabu kuwa sehemu ya vifaa vya kazi hii. Feni za jikoni na bafuni nazo ziwe zinafanya kazi, maana nyumba iliyozibwa vizuri hubaki na mvuke wa kupikia na kuoga ambao zamani ulitorokea kwenye nyufa.

Mianya ikishazibwa, sufi ya kioo au ya mawe darini ndiyo hatua inayofuata, na utaratibu huo una sababu: sufi huzuia joto kwa kuituliza hewa iliyo kati ya nyuzi zake, na hewa inayopenya kutoka kwenye nyufa za dari hupita katikati ya nyuzi hizo ikabeba joto pamoja nayo. Sufi zilizowekwa juu ya dari yenye nyufa hugeuka nyeusi pale upepo unapopita, kwa sababu zinachuja vumbi, na mabaka hayo meusi ni ramani nzuri ya kazi iliyorukwa.

Ubora wa sufi husomwa kwenye alama ya Kigiriki λ, inayoonyesha jinsi kitu kinavyopitisha joto kwa urahisi, ambayo kwa sufi nyingi ni kati ya 0.032 na 0.044. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo kihami kinavyokuwa bora. Kwa kulinganisha, hewa iliyotulia ni takribani 0.025, mbao laini ni kama 0.13, na kioo cha dirisha ni karibu 1. Gawanya unene kwa mita kwa namba hiyo na utapata ukinzani, unaoandikwa R: milimita 100 za sufi yenye λ ya 0.04 hutoa R ya 2.5. Mnunuzi awe macho hapa, maana bidhaa za Marekani huandika R kwa vipimo vya huko, ambayo ni kubwa karibu mara 5.7 kwa kihami kilekile, na R 13 ya boksi moja inaweza kuwa sawa na R 2.3 ya boksi jingine. Unene wa kwanza ndio wenye faida kubwa. Ukiongeza milimita 100 nyingine juu ya zile za kwanza, joto linalopita kwenye dari hupungua kwa takribani nusu ya lililobaki, na zile za tatu huokoa takribani theluthi moja ya kilichobaki baada ya hapo, kwa hiyo ni afadhali kuhami dari yote kwa unene wa wastani kuliko kuijaza nusu yake hadi kwenye kenchi.

Sufi isikandamizwe, kwa kuwa hewa ndiyo inayofanya kazi, na ikatwe kubwa kidogo kuliko nafasi ili isiache pengo pembeni. Isifunike taa zilizozama darini ambazo hazikutengenezwa kufunikwa, na nyaya za umeme zinazobeba mzigo mkubwa, kama za jiko au hita ya maji, zilazwe juu yake badala ya kuzikwa ndani, kwa sababu waya uliofunikwa pande zote hushindwa kutoa joto lake. Kuhusu afya, sufi ya kioo huwasha ngozi na koo, na barakoa, glavu na mikono mirefu ni lazima; lakini hofu ya saratani inayotajwa mara kwa mara haina nguvu iliyokuwa nayo zamani, kwani mwaka 2001 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliiondoa sufi ya kuhami majengo kwenye kundi la vitu vinavyodhaniwa kusababisha saratani. Tahadhari kubwa zaidi inastahili kwa anayepanda darini na kukuta punje za kahawia zinazong'aa kama mika. Hiyo huenda ni vermikulaiti ya zamani, madini yaliyotumiwa kama kihami, na nyingi ya aina hiyo ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, ambao madini yake yalichanganyika na asbesto. Isiguswe wala kufagiliwa, aitwe mtaalamu.

Mvuke ni adui wa sufi. Hewa ya nyuzi joto 20 yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kudondosha maji ikikutana na kitu cha takribani nyuzi 9, na maji hayo yakitokea ndani ya sufi huiharibu na kuzaa kuvu. Karatasi ya kuzuia mvuke huwekwa upande wenye joto: katika nchi za baridi upande huo ni wa ndani, na katika nyumba inayopozwa kwenye joto la unyevunyevu upande huo ni wa nje. Anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa hali ya hewa isiyo yake huweka karatasi upande usiofaa na kuyafungia maji ndani ya ukuta.

Foili ya alumini, ama peke yake ama iliyobandikwa kwenye plastiki yenye mapovu ya hewa, ndiyo bidhaa inayosifiwa kupita kiasi na kulaumiwa kupita kiasi. Chini ya paa la bati linalochomwa na jua ni kifaa bora, kwa sababu bati hilo hulirushia dari joto kwa mionzi, na alumini safi hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mionzi ya joto inayoifikia, na upande wake mwingine hutoa mionzi kidogo sana. Lakini haya yote hutokea pale tu foili inapotazamana na uwazi wa hewa, walau sentimita 2 kwa upande mmoja. Ikibanwa kati ya bati na mbao, au ikipigwa plasta juu yake, mionzi haipo tena, joto linapita kwa kugusana, na alumini ni kipitishi kizuri mno cha joto. Wauzaji wengi hawalisemi hili. Upande unaong'aa utazame chini, maana ukitazama juu hufunikwa na vumbi na ndani ya miaka michache hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Tena foili ni kipitishi cha umeme, hivyo bunduki ya pini isitumike karibu na nyaya, na umeme uzimwe kabla ya kuanza.

Kwa madirisha ya kioo kimoja, filamu ya plastiki inayobandikwa kwenye fremu kwa tepu ya pande mbili na kukazwa kwa kikausha nywele hutoa tabaka la hewa iliyotulia, na kwa bei yake matokeo ni ya kuridhisha sana. Dirisha hilo halitafunguka msimu mzima, kwa hiyo isiwekwe kwenye dirisha ambalo ni njia ya kutokea moto ukizuka. Mirija ya povu ya kuvalisha mabomba ya maji ya moto haina la kujadiliwa: inunuliwe, ivalishwe, maungio yafungwe kwa tepu, hasa kwenye mita chache za kwanza zinazotoka kwenye tangi.

Imebaki rangi ya ukutani inayouzwa kama kihami joto, ile inayosemwa kuwa ina chembe ndogo za kauri zilizo wazi ndani, na hii ndiyo niliyoikusudia pale mwanzo. Hesabu yake ni fupi. Tuseme rangi hiyo imekauka kwa unene wa nusu milimita, ambao ni mwingi kwa rangi, na tuipe λ ya 0.025, sawa na ya hewa iliyotulia, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa. Ukinzani wake ni 0.02. Ukuta wa tofali wa sentimita 10 peke yake una takribani 0.14, na milimita 100 za sufi tulizozihesabu zina 2.5, yaani mara 125 ya rangi hiyo. Hakuna chembe inayoweza kuziba tofauti hiyo ndani ya nusu milimita, na anayeipaka sebuleni atakuwa amenunua rangi ya ukutani kwa bei ya kihami. Rangi nyeupe inayopakwa juu ya paa ni bidhaa nyingine, isichanganywe na hii: yenyewe hurudisha mwanga wa jua kabla haujageuka kuwa joto, hufanya kazi hata ikiwa nyembamba, na katika nyumba inayoteswa na jua inastahili fedha yake, mradi paa lioshwe vumbi na ukungu mara kwa mara ili weupe wake usififie.